Maoni ya Mama wa Karuba

Rezo ya Karuba haikai kijijini. Inakaa juu ya kilima cha malisho, karibu na mkaratusi uliopigwa na radi, na anayeitaka sharti apande kati ya ng'ombe, ainue simu hewani na kungoja. Kila Dimanche, misa ikiisha, Mukandori alipanda huko peke yake, akakunja kitenge chake cha pili akakikalia kwenye majani, akasikiliza riwaya.

Zamani watu walimwita Mama Uwitonze, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, binti wa pekee aliyemzaa. Lakini Uwitonze aliondoka na mwanaume aitwaye Kagabo, bila mahari, bila baraka, bila hata kukunja vizuri nguo alizoziacha kitandani. Toka siku ile Papa Ladislas, baba yake, alisema jina hilo lisitajwe tena katika nyumba yake. Majirani wakaona haya. Wakaanza kumwita Mukandori Mama tu, basi, mama asiye na mtu nyuma yake. Wavulana wake walikuwa Goma wakitafuta maisha. Jioni ndani ya nyumba kulikuwa na sauti mbili: ya moto, na ya Ladislas akikohoa.

Ndiyo maana riwaya ilimshika namna ile. Aliyeisoma alikuwa Laetitia, mwalimu wa shule ya msingi huko Mushaki. Kitabu kilikuwa kimoja, na wamama wengi walisoma polepole kama Mukandori, ambaye shule yake ilikoma darasa la sita. Kwa hiyo Laetitia alijirekodi akisoma sura moja kila wiki, akaituma katika grupu la WhatsApp walilolipa jina Wasomaji wa Dimanche. Walikuwemo wamama na wasichana wa Mushaki, wa Karuba, wa Kitchanga, hadi Kibua kule Walikale. Sura ikiisha, kila mmoja alituma odio ya maoni yake.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya mapenzi na hofu. Msichana Estelle, yatima, muuza dawa katika mji mmoja wa kando ya ziwa, anapendwa na bwana tajiri aitwaye Valens. Bwana ni mpole, anamnunulia viatu, anamwita malkia. Lakini anatoka bila kuaga, anarudi na matope mekundu kwenye viatu, na akiulizwa anasema, "Ukinipenda, usiulize." Halafu siku moja anamwambia Estelle afunge mzigo, aache simu, waende mbali mahali ambapo hakuna anayewajua. Estelle anasimama mlangoni. Gari linanguruma nje. Sura ikaishia hapo, na grupu likawaka kama nyasi kavu.

"Miye nasema asiingie mu ile gari!" alilia mama mmoja wa Kitchanga. "Bwana ya matope mukundu? Njo muuaji huyo!"

"Weye bibi, bwana yako anarudia na matope kila siku na hujafa!"

"Bwana yangu iko mulimaji! Valens analima wapi, na ile suruali yake ya pasi?"

Wakacheka. Mukandori naye akacheka, peke yake kilimani, na ng'ombe mmoja akageuka kumwangalia. Alikuwa hajacheka muda mrefu.

Kulikuwa na sauti moja iliyokuja toka Kibua. Ilitumia simu ya Byukusenge, mwanamke muuza sabuni, na Byukusenge alikuwa ameshaeleza grupu zima habari yake. "Huyu dada anakuja kununua sabuni, anasikilizia riwaya hapa kwangu. Bwana wake hapendi telefone. Musipige namba yangu kumutafuta, tafazali. Hii telefone iko ya duka, kila mutu anaishika, hata wabwana wanaivutia sigara juu."

"Kumbe Estelle wetu iko Kibua!" mmoja alisema, na odio za kicheko zikafuatana. Wakambatiza Dada wa Kibua. Aliongea chini sana, karibu ya kunong'ona, na mvua juu ya bati ilifunika nusu ya maneno yake. Siku ile, baada ya wote kusema, aliuliza neno moja tu:

"Na kama Estelle asipoingia mu gari, arudi wapi?"

Hapo ndipo Mukandori alipobonyeza ile alama ya kurekodi. Hakuwaza sana. Alikuwa na kidonda chake, na kidonda kikipata mahali pa kusemea hakichagui maneno. Tena alipenda namna wenzake walivyomsikiliza. Nyumbani hakuna aliyemwuliza anawaza nini. Kule ndani ya simu walimwita Mama wa Karuba na kungoja neno lake.

"Miye Mama wa Karuba, maoni yangu ni haya," alisema kwa sauti ya kanisani. "Estelle alijichagulia bwana. Hakuna aliyemusukuma. Basi amufuate! Mapenzi iko kuvumilia. Mwanamuke aliyetoka mwenyewe asirudi kulia kwenye mulango aliofunga mwenyewe. Akirudi, watamucheka mupaka afe. Aingie mu gari, afunge kinywa, Mungu atamuona."

Odio ikaondoka. Majibu yakamiminika. "Mama wa Karuba, umemaliza!" "Njo maneno ya mutu mukubwa!" Mukandori akasikia joto kifuani, joto la mtu aliyesifiwa. Kisha, nyuma ya wote, ikaja odio fupi toka Kibua. Kulikuwa na mvua, halafu pumzi, halafu:

"Aksanti, Mama wa Karuba. Nimesikia."

Alishuka kilima akiwa na furaha. Wamama mnaosoma hapa, nawaomba mkumbuke hiyo furaha. Hatari haikuwa na sura nyingine.

*

Dimanche iliyofuata Laetitia alikuwa na mafua, hakusoma sura mpya. Akasema kila mtu aongeze maoni juu ya ile ya zamani, kusudi grupu lisilale. Wamama wakarudia yale yale, mara matope, mara suruali ya pasi. Mukandori alikuwa anasikiliza nusu, anatoa kupe kwenye sikio la ndama aliyekuja kumlalia miguuni, wakati Dada wa Kibua alipoingia.

Safari hii hapakuwa na mvua.

"Miye naona Estelle angejua zamani," ilisema ile sauti. "Angejua toka ile siku bwana alikuja kwao, wakamupa maziwa, akaweka kombe chini bila kugusa na mudomo. Akasema tumbo inamuuma. Watu wa nyumba walinyamaza wote. Baba yake aliona. Estelle njo alisema, ni maziwa tu, Papa, maziwa tu. Sasa bwana anasema mbele ya mwezi kuisha wataenda ndani zaidi, kule kwenye machimbo, kwenye hakuna hata rezo. Nauliza tu. Nilitaka kujua kama Mama wa Karuba angali na maoni yale yale."

Grupu likaanguka kwa kicheko.

"Dada wa Kibua, unasikiliza kitabu gani? Kule kwa Estelle wanakunywa chai!"

"Iko yatima! Baba ametoka wapi?"

"Ng'ombe imeingia mu riwaya, mufukuze haraka!"

Mukandori hakucheka. Mkono wake ulibaki kwenye sikio la ndama. Kombe lile alilijua. Lilikuwa la mti, la marehemu mama mkwe wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyelisugua kwa majani na kulitia moshi asubuhi ile, akalijaza maziwa ya ng'ombe mwenye ndama wa kwanza, kwa sababu mgeni anayekuja kuomba msichana hapewi maziwa ya ovyo. Kagabo alilipokea kwa mikono miwili, vizuri sana. Kisha akaliweka chini, karibu na mguu wa kiti, na likabaki pale likifanya utando mpaka alipoaga. Baada yake Ladislas alisema, mtu aliyekataa maziwa ya nyumba amewakataa watu wa nyumba. Na Uwitonze, mwenye miaka yake kumi na tisa, alisimama katikati ya chumba akapiga kelele: Ni maziwa tu, Papa!

Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwepo.

Akairudisha odio, akaisikiliza tena simu ikiwa imebanwa sikioni. Sasa aliisikia sauti ya mtoto wake yote, hata chini ya mnong'ono, namna anavyovuta pumzi mbele ya neno gumu, kama zamani akisimamishwa kusema katekisimu. Alishindwaje kuisikia? Lakini mtu hategemei kusikia mtoto wake katika riwaya. Na Uwitonze, yeye, alikuwa ameijua sauti ya mama yake toka siku ya kwanza. Alikuwa amekuja na sabuni mkononi, wiki baada ya wiki, kumsikiliza mama yake akisema juu ya mwanamke mwingine yale ambayo hakupata nafasi ya kumwambia yeye. Na alipouliza mahali pa kurudi, mama yake alimjibu. Alimjibu mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi.

Mukandori akasimama. Ndama akakimbia.

Kupiga namba ile hakuweza. Byukusenge alikwisha sema, simu ni ya duka, wabwana wanaishika. Kama Kagabo yuko pale na sigara yake, akasikia sauti ya mama mkwe, Uwitonze hatatumwa tena kununua sabuni. Lakini odio za riwaya zilichezwa pale wazi, kila mtu akizisikia na kuzicheka. Njia ilikuwa hiyo moja tu. Kitabu kilikuwa kimembeba mtoto mpaka hapa. Sasa kingembeba na mama.

Akabonyeza. Sauti ilimtetemeka, akafuta, akaanza upya. Akafuta tena. Mwishowe akaiacha iende ilivyo.

"Miye Mama wa Karuba. Nimebadilisha maoni. Nilisema vibaya, nilisema na hasira. Estelle asiingie mu gari. Estelle iko na mama. Ndiyo, munacheka, lakini miye nasema iko na mama. Na huyo mama hakufunga mulango. Kila asubuhi anaweka maziwa ya Estelle pembeni, jioni anayamwanga, kesho anaweka tena, na baba anaona na haulizi. Hakuna mutu atamucheka. Siku ya soko ya Kalembe, hii Ijumaa, mama ya Estelle atakuwa pale, kwenye wanashusha mizigo, na kibuyu. Estelle atoke kama anaenda kununua sabuni. Aende tu. Asibebe kitu."

Wakacheka kweli kweli. "Mama wa Karuba na yeye ameongeza ng'ombe!" "Laetitia, hawa wawili wanatuandikia kitabu kingine!" Laetitia mwenyewe alituma odio na sauti yake ya mafua: "Mama yangu, Estelle hana mama, iliandikwa ukurasa wa kwanza." Mukandori alizisikiliza zote, akizipita moja moja, akitafuta ile ya Kibua. Alingoja mpaka ng'ombe walipoanza kushuka wenyewe. Kibua haikujibu.

*

Alhamisi asubuhi alijaza kibuyu. Hakuweka maziwa mabichi, njia ni ndefu. Aliweka mashanza, maziwa yaliyoganda, mazito, namna Uwitonze alivyoyapenda, ya kunywa na kiazi cha moto. Ladislas alikuwa mlangoni akinoa panga.

"Unapeleka wapi hayo?"

"Sokoni."

"Soko ya wapi?"

"Ya Kalembe."

Panga likasimama juu ya jiwe. Kalembe ni mbali. Hakuna mtu wa Karuba anayekwenda kuuza mashanza Kalembe. Ladislas alimtazama mke wake, akatazama kibuyu. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kizibo kipya cha majani ya mgomba alichokikaza mwenyewe, akakipachika kwenye mdomo wa kibuyu, akakipiga kwa kiganja.

"Barabara inaruka ruka," alisema. "Isimwangike."

Jina hakulitaja.

Kwenye pikipiki ya motari alipita Kilolirwe, Kitchanga, akalala Mweso kwa mama mmoja wa kanisa. Ijumaa kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, mtu mwenye silaha alichomoa kizibo, akanusa, akakirudisha, akampungia mkono apite. Kalembe ilikuwa na matope na watu. Wakulima wa Masisi walikuwa wamebeba viazi na maharagwe, na wa Walikale wameshuka na mafuta ya mawese na ndizi. Mukandori akasimama mahali wanaposhusha mizigo, na kibuyu mbele yake kama mtoto. Kila kitambaa cha kichwa kilichotokea kwenye njia ya Walikale kilimfanya anyanyuke kidogo kwa vidole vya miguu. Kilikuwa kikija, kikawa cha mtu mwingine, kikapita.

"Mama, unauza?" waliuliza watu.

"Hapana. Yana mwenyewe."

Jua likavuka juu ya vichwa. Wauza mafuta wakaanza kufunga. Hapo mwanamke mmoja mnene, aliyebeba katoni tupu la sabuni, alisimama mbele yake, akakitazama kibuyu, halafu uso wake.

"Njo weye Mama wa Karuba?"

Ile sauti aliijua toka kwenye simu. Akamtazama nyuma, akatazama kushoto na kulia kwake.

"Niko peke yangu, Mama," alisema Byukusenge. Akaweka katoni chini akakaa juu yake. "Rezo ya Kibua ilikatika ile Dimanche, kisha tu yeye kutuma maneno ya maziwa. Imerudia jana. Njo nilisikia odio yako. Nikaisikia, nikasema, huyu mama haongei juu ya kitabu. Nikafunga duka, nikakuja."

"Na yeye?"

"Walienda Mardi, siku mbili mbele ya rezo kurudia."

Mukandori akakivuta kibuyu karibu na miguu yake.

"Alipita asubuhi, bwana akiwa mbele na mizigo. Na kitambaa kwenye shingo, jua hii yote, na kitambaa. Akaniomba telefone. Nikamwambia, dada, hakuna rezo, hakuna kitu kipya. Akasema haizuru, anataka ile ya zamani. Ile ya..." Byukusenge akatazama mikono yake. "Ile ulisema asirudi. Ilibaki ndani ya telefone. Aliisikiliza, akaisikiliza tena. Akaniambia, Mama wa Karuba iko na haki. Akaenda."

Soko likaendelea kuvunjika pande zote. Mtu alikuwa akigombana juu ya gunia. Mukandori alichomoa kizibo ambacho Ladislas alikikaza, akakipanguza kibuyu mdomo kwa kona ya kitenge, akampa yule mwanamke kwa mikono miwili. Kukirudisha Karuba kikiwa kimejaa hakungewezekana. Byukusenge akanywa, akapumzika, akanywa tena, na machozi yakimshuka kwenye utando mweupe wa mdomo.

*

Dimanche ile Laetitia, akiwa amepona, alisoma sura ya mwisho. Estelle aliingia ndani ya gari. Valens, kumbe, hakuwa muuaji. Alikuwa akimficha Estelle na watu waliotaka kumdhuru, na yale matope mekundu yalikuwa ya kiwanja alikomjengea nyumba kwa siri. Wakafunga ndoa kanisani, na ziwa likang'aa. Grupu likapiga vigelegele.

"Mama wa Karuba alisema! Alisema toka mwanzo, amufuate!"

"Mufumu weye! Juu ya nini ulibadilisha? Ungeshinda!"

"Mama wa Karuba, maoni ya mwisho! Tunakungoja!"

Mukandori alikaa chini ya mkaratusi na simu mapajani, wamama wakimwita na kumsifu toka ndani ya kile kioo kilichopasuka, mpaka moto wa simu ukaisha.

Sasa wanasoma kitabu kingine, cha mpelelezi na mjane. Wamama wanabishana na kutaniana kama zamani. Kila Dimanche, sura ikiisha na kila mtu akiwa amesema yake, inakuja odio moja ambayo haihusu mpelelezi wala mjane. Mwanzo walicheka. Kisha Byukusenge aliwaambia kwa nini, na toka hapo inapokuja wananyamaza, hakuna anayetuma kitu juu yake, hata Laetitia. Machimboni hakuna rezo, lakini watu hutoka machimboni, mmoja mmoja, kununua chumvi na sabuni, na simu ya duka la Kibua iko wazi kwa kila anayetaka kusikiliza.

Kwanza unasikia upepo wa kilima, na ng'ombe mbali. Halafu sauti ya mwanamke ambaye sasa anajitaja kwa jina lake.

"Miye Mama Uwitonze. Maoni yangu ni yale yale ya pili, ile ya kwanza muifute. Asiingie mu gari. Na kama alishaingia, ashuke. Maziwa yake iko pembeni."

Anaituma, anangoja alama ya kwamba imefika, kisha anashuka nyuma ya ng'ombe.